Maji ya rangi yakishakuwa meupe, rangi imevunjwa au imefichwa? Uzi wa vichocheo vya mwanga vyenye vinyweleo

Bikari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila nikipekua habari za kemia ya maji nakutana na ileile: kuna kichocheo kipya (kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemia, hapa kwa msaada wa mwanga) chenye vinyweleo, yaani vijishimo vidogo mno ndani ya chembe zake, kimetiwa kwenye maji ya rangi, kikamulikwa, na baada ya saa moja "asilimia 99 ya rangi imeondolewa". Picha nayo ni ileile, vichupa vitano vimepangwa kuanzia buluu iliyokolea hadi maji maangavu. Watu wanapiga makofi. Mimi nauliza: hiyo rangi imekwenda wapi?

Nianze na msingi kwa wasiokaa maabara. Titani dayoksaidi, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukuta, ni semikonda. Ukipigwa na mwanga wenye nishati ya kutosha, elektroni inaruka ngazi ya juu na nyuma yake linabaki tundu lenye chaji chanya. Kwa umbo liitwalo anatesi, mruko huo unadai kama elektroni-volti 3.2, yaani mwanga usiozidi nanomita 387 hivi kwa urefu wa wimbi. Huo ni urujuanimno. Tundu likikutana na maji kwenye uso wa chembe linazaa radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenza na chenye njaa ya kumnyang'anya jirani. Elektroni nayo ikiipata oksijeni iliyoyeyuka majini inazaa superoksaidi. Radikali ya haidroksili ndiyo mkali wa shughuli: uwezo wake wa kuoksidisha ni takribani volti 2.8, inaipita hata ozoni. Ikiishika molekuli ya rangi inaanza kuikatakata, na mambo yakienda sawa hadi mwisho, kinachobaki ni kabonidayoksaidi, maji na chumvi kama naitreti na salfeti.

Si jambo jipya. Fujishima na Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba elektrodi ya titani dayoksaidi ikimulikwa inaweza kupasua maji, na mwaka 1977 Frank na Bard wakatumia unga huohuo kuharibu sianidi majini.

Sasa vinyweleo vinaingiaje? Radikali ya haidroksili huishi nanosekunde tu ikiwa ndani ya maji. Haina muda wa kusafiri. Molekuli ya rangi isipokuwa imeganda usoni mwa kichocheo, au karibu kabisa na hapo, radikali inakufa bila kazi. Kwa hiyo unataka uso mpana unaonasa rangi. P25, unga wa kibiashara wa titani dayoksaidi ambao karibu kila maabara huutumia kama kigezo, una uso wa kama mita za mraba 50 kwa gramu. Ile mitandao ya metali iliyofungwa kwa viungo vya kaboni, maarufu kama MOF, inavuka 1,000 kwa urahisi. Hiyo ndiyo iliyowapa Kitagawa, Robson na Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025.

Na mtego upo hapohapo. Twende na hesabu. Chukua mililita 100 za maji yenye methilini buluu, miligramu 10 kwa lita. Rangi yote iliyomo ni miligramu 1. Tia miligramu 50 za kichocheo kinachoweza kunasa miligramu 100 za rangi kwa kila gramu yake, kiwango ambacho kwa vitu vya vinyweleo si cha ajabu hata kidogo. Unga huo una nafasi ya kumeza miligramu 5. Yaani una uwezo wa kuficha rangi yote mara tano na taa ikiwa imezimwa!

Halafu unachuja, unaweka maji kwenye spektrofotomita (mashine inayopima mwanga uliofyonzwa), unasoma kwenye nanomita 664, unapata sifuri. Sifuri hiyo ni ya kweli. Inakuambia maji hayana buluu. Hatima ya buluu haiijui.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya namba za "asilimia 99" tunazotambiana ni mchanganyiko wa kunasa na kuvunja ambao hakuna aliyehangaika kuutenganisha. Karibuni tujadili, hasa wenye mikono iliyowahi kushika hivi vitu.

Mwanafunzi_wa_Chuo

Mkuu nimeelewa, ila swali la kijinga kidogo. Karibu kila ripoti wanasema walikoroga gizani nusu saa kabla ya kuwasha taa, ili kunasa kumalizike kwanza. Si hapo tatizo limekwisha?

Bikari

Si la kijinga, ndilo swali lenyewe. Giza linasaidia ikiwa kweli kunasa kumefika mwisho. Nusu saa inatosha kwa P25 kwa sababu chembe zake hazina vinyweleo vya kusemea na rangi inakaa nje. Kwa kitu chenye vinyweleo vya nanomita 1 au 2, molekuli yenye urefu wa kama nanomita 1.5 inapenya kwa kujikokota. Baada ya nusu saa bado iko njiani. Unawasha taa, rangi inaendelea kupungua, mchoro unashuka vizuri, nawe unaupa mwanga sifa zote.

Dawa yake: endelea gizani mpaka mstari ulale kabisa, hata kama ni usiku kucha. Pembeni weka chupa ya pili yenye kila kitu ila taa, iache ikae muda uleule. Ukimaliza, usitupe unga. Uoshe kwa ethanoli na uangalie ethanoli ikitoka. Ikitoka ya buluu, jibu unalo. Ikitoka nyeupe, usishangilie haraka, maana baadhi ya rangi hung'ang'ania haswa, ila angalau umeuliza swali.

Mtupori

Bikari nakuheshimu lakini leo unazionea MOF.

Kwanza, titani dayoksaidi yenyewe kwenye jua ni mvivu. Mwanga wa jua unaotufikia una urujuanimno wa kama asilimia 4 au 5 tu. Wewe unachota kijiko na kumwaga ndoo. Vinyweleo vimekuja pamoja na uwezo wa kutumia mwanga unaoonekana. Kaboni naitridi, ile ya njano iliyoanza kuvuma mwaka 2009, ina pengo (ule mruko wa elektroni) la elektroni-volti 2.7, inafika kama nanomita 460. MIL-125, MOF ya titani, ukiibandika kundi la amino inageuka njano na kuanza kula mwanga wa buluu. Hiyo si hadaa, ni fizikia.

Pili, kunasa si adui. Umesema mwenyewe radikali haisafiri. Kinachonasa vizuri ndicho kinachosogeza windo karibu na kisu. Sasa unataka tukichukie kwa sababu kinanasa?

Tatu, vinyweleo vinafupisha safari ya elektroni na tundu kufika usoni. Kuta zikiwa nyembamba, jozi inawahi kufika kabla haijaungana tena. Jozi nyingi zinaungana na kuishia kuwa joto, hilo unalijua.

Bikari

Mtupori, hoja ya tatu nakubali bila ubishi. Ya pili nakubali nusu: kunasa ni mlango wa kuingilia, na ninachopinga ni kuuhesabu mlango kama chumba. Ya kwanza ndiyo nina neno nayo.

Ukitumia mwanga unaoonekana na ukapima kwa rangi, umeweka shahidi ambaye naye ni mshtakiwa. Methilini buluu inafyonza mwanga mwekundu, rhodamini B inafyonza kijani. Rangi yenyewe ikipigwa na mwanga inaweza kurusha elektroni yake ndani ya kichocheo, ikajiharibu. Kichocheo hakikufyonza chochote. Kimepokea tu. Rangi ikiisha, mchezo umekwisha. Ndiyo maana unatakiwa urudie jaribio kwa kitu kisicho na rangi, mfano fenoli au asidi ya salisiliki, chini ya taa ileile. Fenoli haifyonzi mwanga unaoonekana. Ikipungua, hapo kichocheo kimefanya kazi chenyewe.

Halafu hizo mita za mraba. Zimepimwa kwa nini? Kwa gesi ya naitrojeni kwenye kelvini 77. Molekuli ya naitrojeni inaingia mahali ambapo molekuli ya rangi haiwezi kupitisha hata bega. UiO-66, MOF nyingine maarufu, ina uso wa zaidi ya mita za mraba 1,000 kwa gramu, lakini milango ya vyumba vyake ni kama nanomita 0.6. Methilini buluu ikijipanga kiubavu itabahatisha, rhodamini B isahau. Uso ulioandikwa kwenye karatasi uko ndani, kazi inafanyika nje.

Mtupori

Hapo kwenye UiO-66 umesahau kasoro. Ukiitengeneza kwa asidi ya kusaidia, viungo kadhaa vinakosekana, milango inapanuka, na mara nyingi zile zenye kasoro ndizo zinazofanya kazi vizuri zaidi. Na kuna MIL-101 yenye vyumba vya nanomita 2.9 na 3.4. Hiyo rangi inaingia na mizigo yake.

Ila la fenoli nimelipokea. Nitaliongeza kwenye ratiba.

Bikari

Kasoro ni kweli, naongezea hilo. Kwa jumla mimi nikiambiwa nichague ukubwa wa vinyweleo kwa kazi ya rangi, nachukua kati ya nanomita 2 na 50 kuliko vile vidogo vya kujivunia kwenye jedwali.

Dada_Spektra

Nimesoma kimya mpaka nimeshindwa. Mnazungumzia kunasa tu, wakati kuna njia nyingine ya rangi kupotea bila kuvunjwa, na inawakuta hata wanaotumia P25.

Methilini buluu ina umbo lisilo na rangi. Ukiipa elektroni mbili na haidrojeni inakuwa nyeupe, ukiirudishia oksijeni inarudi buluu. Wengi wameliona lile onyesho la chupa inayotikiswa ikageuka buluu, ikitulia inafifia. Sasa fikiria chupa yako imefungwa, oksijeni imepungua, na kuna kitu kinachokula matundu, mfano mabaki ya pombe kutoka kwenye utengenezaji wa kichocheo. Elektroni zinakosa pa kwenda, zinaishia kwenye rangi. Maji yanakuwa meupe, unapiga picha. Fungua kifuniko, puliza hewa, subiri. Buluu ikirudi, hukuvunja kitu.

Rhodamini B ina ujanja wake. Inaanza kwa kudondosha vikundi vya ethili kimojakimoja, na kilele chake kinahama kutoka nanomita 554 hadi karibu 498. Anayesoma namba moja tu ya 554 ataona rangi "imepungua" sana wakati kiini cha molekuli kiko vilevile na maji yamegeuka kijanikibichi chenye kung'aa. Jamani, skani wigo mzima. Mashine ipo, kubonyeza kitufe kimoja zaidi hakuchoshi.

Na rangi za azo, ambazo ni zaidi ya nusu ya rangi zote zinazotumika viwandani, zinakatika kwanza penye kile kiungo cha naitrojeni mbili. Kikikatika rangi inaisha papo hapo. Kinachobaki ni vipande vya pete, na katika mazingira fulani hutoka amini za kiaromatiki ambazo baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani. Maji meupe yanaweza kuwa mabaya kuliko yale ya mwanzo. Kipimo cha kaboni yote ya oganiki iliyobaki majini ndicho kinachosema ukweli. Rangi ikishuka asilimia 95 na kaboni ikashuka 30, andika zote mbili, usifiche ya pili kwenye viambatisho.

Mwanafunzi_wa_Chuo

Dada hapo kwenye kijanikibichi umenigusa, nimeiona kwa macho yangu nikadhani chupa chafu 😅

FundiPampu

Naomba nami niingie, ingawa mimi si mtu wa maabara, ni mtu wa maji machafu ya kiwanda cha kutia rangi nguo.

Mnajaribu kwa maji safi yaliyotiwa rangi moja. Mimi sijawahi kukutana na maji ya namna hiyo kazini. Rangi za riaktivu, zinazotumika sana kwa pamba, hazishiki zote kwenye kitambaa, sehemu inatoka na maji. Beseni lake lina chumvi gramu makumi kwa lita, ama ya kawaida ama sodiamu salfeti, ili kuisukuma rangi kwenye uzi. Juu yake tunatia sodiamu kaboneti ili rangi ishike, kwa hiyo pH inapanda hadi 10 au 11. Kuna wanga uliotoka kwenye nyuzi, kuna sabuni, kuna vumbi la pamba. Na rangi ni tatu nne kwa pamoja.

Sasa niambieni: hicho kichocheo chenu kitaona mwanga saa ngapi?

Bikari

FundiPampu, ulichosema kinauma kwa sababu ni kweli, na kemia inazidi kukiunga mkono.

Kaboneti mnayotia ili rangi ishike ndiyo hasa inayokula radikali za haidroksili. Inazigeuza radikali za kaboneti, ambazo ni dhaifu na zinachagua. Kloridi nayo inanyang'anya radikali na kugombea nafasi usoni. Kwa maneno mengine beseni la rangi za riaktivu limejaa kinga dhidi ya mbinu hii, bila mtu kukusudia.

Na pH 10 si jambo dogo. Titani dayoksaidi inabadili chaji ya uso wake kwenye pH kama 6 hivi na kidogo zaidi. Chini ya hapo uso ni chanya, juu ya hapo ni hasi. Rangi za riaktivu nazo ni hasi, zina vikundi vya sulfonati. Hasi na hasi zinasukumana, hakuna kunasa, radikali inakufa peke yake. Methilini buluu ni chanya, ndiyo maana kwenye maji ya alikali inapendeza sana na ndiyo maana watu wanaipenda. Imechaguliwa kwa kuwa inafanya vizuri.

Kuhusu mwanga: hata zile miligramu 10 kwa lita za methilini buluu, kwenye nanomita 664, zinaruhusu chini ya asilimia 1 ya mwanga kupita sentimita moja ya maji. Beseni lako ni zito kuliko hapo mara nyingi. Kichocheo kilichoko sentimita 20 chini kiko usiku.

Mkaa_Mtupu

Samahani wakuu, kama kunasa ndiko kunakofanya kazi kubwa, kwa nini tusitumie mkaa amilifu tukaachana na taa? Mkaa una mita za mraba 1,000 kwa gramu na haujawahi kujisifu kwenye jarida.

Dada_Spektra

😂 Umeua.

Mkaa unafanya kazi na unatumika. Shida yake ni siku unapojaa. Umehamisha rangi kutoka majini kwenda kwenye mkaa, sasa una mkaa mchafu wa kuchoma au kusafisha kwa joto kali. Kichocheo chenye vinyweleo kikifanya kazi kweli kinajisafisha chenyewe: kinanasa, kinavunja, nafasi inafunguka, kinanasa tena. Kipimo ni kukitumia mfululizo bila kukiosha kwa ethanoli kati ya mzunguko na mzunguko. Wengi wanakiosha halafu wanaandika "kimetumika mara tano bila kuchoka". Umekitoa takataka kwa mkono, kitachokaje?

Mtupori

Hii ya kutokiosha naichukua. Niongeze: baada ya mizunguko pima na metali zilizovuja majini. ZIF-8, nayo ya ukoo wa MOF, kwenye asidi inayeyuka. Oksidi ya zinki hivyohivyo, na hata mwanga wenyewe unaila. Kadimiamu salfaidi inameza mwanga unaoonekana vizuri tu, lakini inaoza kwa mwanga na kuachia kadimiamu. Kuondoa rangi kwa kuweka kadimiamu, hapana.

FundiPampu

Swali la mwisho, la mtu wa pampu. Tuseme nimepata unga mzuri. Chembe za nanomita 20 nitazitoaje kwenye maji yanayotiririka? Chujio langu litaziba kabla ya chai.

Bikari

Ndiyo sababu wengi wanahama kutoka unga uliokorogwa kwenda kichocheo kilichobandikwa kwenye shanga za kioo, sahani au povu la kauri. Unapoteza kasi, kwa kuwa rangi inabidi isafiri kufuata uso badala ya uso kuifuata, lakini huhitaji kuchuja. Kwenye mpangilio huo tabaka la maji liwe jembamba, milimita chache, yapite juu ya uso uliomulikwa, na hewa ipulizwe ili elektroni zipate oksijeni.

Kuna wanaotia kiini cha magnetiti ili wavute unga kwa sumaku. Inawezekana, ila titani dayoksaidi ikigusana moja kwa moja na magnetiti, elektroni zinavujia humo na chuma kinaanza kuyeyuka. Lazima katikati pawe na tabaka la silika.

Kwa upande wako mimi nisingeanza na beseni la rangi kabisa. Bakteria na kugandisha (kutia dawa inayokusanya uchafu kuwa mabonge yanayozama) vishughulikie mzigo mkubwa kwanza, mwanga uje mwisho kumalizia yale yaliyogoma, maji yakiwa tayari maangavu na chumvi imepungua. Na usilinganishe vichocheo kwa dakika walizoandika, kila mmoja ana taa yake. Linganisha umeme uliotumika kwa kila mita ya ujazo ili kupunguza rangi mara kumi. Ukiona ripoti haina hiyo namba, wala nguvu ya taa, wala chupa ya gizani, pita.

FundiPampu

Sawa mkuu. Basi nitachukua maji ya suuza ya mwisho, si ya beseni la kwanza, niyashushe pH hadi karibu na 5, na chupa ya gizani nitaiweka kwenye kabati lenye kufuli maana vijana wangu wanapenda kufunguafungua. Dada_Spektra, ukinielekeza namna ya kuhifadhi sampuli za kaboni zisiharibike njiani nitashukuru.

Dada_Spektra

Chupa za kioo cha kahawia, zijaze hadi mdomoni pasibaki hewa, tia asidi kidogo pH ishuke chini ya 2, weka kwenye baridi. Asidi utie baada ya kuchuja kichocheo, si kabla, la sivyo asidi itabadili kiasi kilichonaswa na namba zako zitaharibika. Na za gizani zihifadhi vilevile, usizifanye watoto wa kambo.